Rafiki yangu aliniuliza tunavyotengeneza vinaishia wapi

SWALI

Shikamoo Mama,

Naomba usinitaje jina. Mimi ni mzaliwa wa Voi, mama wa watoto wawili, na ninaishi Texas na mume wangu ambaye ni muuguzi. Nilikuja huku kusoma, nikahitimu uhandisi, baadaye nikapata uraia. Nimeajiriwa na kampuni kubwa inayotengeneza vifaa vya jeshi la Marekani. Mimi ni mhandisi wa ubora.

Kazi yenyewe naipenda. Kila kipande kinachofika mezani kwangu huja na karatasi zake: chuma kimetoka wapi, nani alikichonga, kwa mashine gani. Nakipima, nakilinganisha na mchoro, na nikiridhika nagonga muhuri. Muhuri wangu una namba ambayo hana mtu mwingine. Kipande kikileta shida baada ya miaka mingi, wataifuata namba hiyo hadi kwangu. Niliwahi kurudisha shehena nzima kwa sababu ya ufa ambao huwezi kuuona kwa macho. Msimamizi alinuna, lakini hakuna aliyethubutu kuniambia nigonge.

Mpaka sasa nimekuwa upande wa ndege za mizigo. Mwezi uliopita bosi aliniita akaniambia kuna nafasi kwenye laini ya makombora. Mshahara utapanda kwa asilimia 18. Kazi ninayofanya sasa ilihitaji uraia tu, lakini hiyo nyingine inahitaji kibali cha usalama. Ni jengo ambalo simu unaiacha kwenye kabati mlangoni, na ukitoka huruhusiwi kusema ulichofanya ndani. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi kujibu.

Nimewauliza wenzangu kwa ujanja ujanja, bila kuonyesha wasiwasi wangu. Mzee mmoja aliyekuwa jeshi la majini anasema kampuni imemjengea nyumba na kumsomeshea watoto, na kwamba vita huamuliwa Washington, si kwetu. Mama mmoja Mfilipino ananiambia nikimbilie: ukishapata kibali hutakosa kazi maisha yako yote. Mwingine anacheka akisema yeye alikuwa nacho, na kandarasi ilipokwisha akapunguzwa pamoja na wengine. Kijana mmoja mwenye akili sana ameshaondoka kwenda kampuni ya magari, akilalamikia mikutano isiyoisha na kompyuta za kizamani. Wanazungumzia mshahara, pensheni, na ile Ijumaa moja ya kupumzika kila wiki mbili. Sijasikia hata mmoja akizungumzia vitu hivi vinaenda wapi.

Aliyeniuliza hilo ni rafiki yangu, Msomali wa Garissa. Watoto wetu wanasoma pamoja. Ndugu za mama yake wako ng'ambo ya mpaka, Jubba ya Chini huko Somalia. Tulikuwa jikoni kwangu Jumamosi moja, mimi nasukuma mahamri, yeye anakaanga, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hivyo vitu mnavyotengeneza, vinaishia wapi?" Nikamjibu kwamba mimi ni wa ndege za mizigo, zinabeba hata chakula cha msaada. Akasema "haya," akageuza mahamri. Nikikubali nafasi hii, nitamjibu nini akiuliza tena?

Lakini Mama, binamu yangu mkubwa alikuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani. Alisikia kishindo cha kwanza, akaenda dirishani kuangalia, na bomu likalipuka. Hadi leo hushikwa mkono kuvuka barabara. Mimi si mtu wa kusema dunia haihitaji ulinzi.

Kuna na hii fomu ya kibali. Nasikia wanauliza kuhusu kila ndugu aliye nje na kila pesa unayotuma. Baba yangu ni mwalimu mstaafu mwenye kisukari, dawa zake nanunua mimi, na karo ya mdogo wangu ni yangu pia. Nina pasipoti ya Kenya niliyoipata tena baada ya Katiba ya 2010 kuruhusu uraia wa nchi mbili. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha Wakenya hapa, na michango ya misiba hupitia akaunti yangu. Naogopa wataona mimi ni mtu wa mashaka, nipoteze hata kazi niliyo nayo.

Mume wangu anasema nichukue. Anasema nikikataa nitakuwa wa kwanza kupunguzwa, na bado tunalipia nyumba. Silali vizuri. Nifanye nini?

Mgonga Muhuri, Texas

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umefanya vizuri kutotaja kampuni wala kombora lenyewe, na hata ukiniandikia tena usitaje.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa. Unauliza kama uchukue nafasi uliyopewa, lakini ndani yake naona mambo matatu ambayo umeyafunga kwenye furushi moja: dhamiri yako, riziki ya nyumba yako, na hofu ya fomu. Nahisi yanazibiana njia. Ukianza kufikiria makombora, hofu ya fomu inakuja kukupa sababu rahisi ya kukataa. Ukifikiria nyumba, dhamiri inaambiwa inyamaze kwanza. Ndiyo maana mwezi unaelekea kwisha na hujasogea. Hebu tuyafungue.

Jambo la fomu ni jepesi kuliko unavyolibeba. Inaitwa SF-86, ina kurasa zaidi ya 100, na ni kweli inauliza kama umewahi kumsaidia kwa pesa mtu asiye raia wa Marekani. Utajibu ndiyo. Wahamiaji wangapi hawajatuma pesa nyumbani? Wanaoamua hutumia miongozo 13 iliyoanza kutumika mwaka 2017, na ule unaohusu ndugu walio nje hauulizi kama unao; unauliza kama kuna mtu au serikali inayoweza kuwatumia hao ndugu kukubana. Mwalimu mstaafu wa Voi anayenunuliwa dawa za kisukari na binti yake ni jambo la kuandika wazi. Uraia wa nchi mbili nao si kosa wenyewe chini ya miongozo hiyo. Kuuficha ndiko kunakoharibu, na kusema uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai la serikali kuu. Wengi wanaokwama hukwamia kwenye pesa: madeni yaliyoachwa, kodi isiyolipwa, kamari.

Hapo kwenye pesa ndipo ningekuomba uangalie michango ya chama. Hilo lingenitia wasiwasi hata kama hakuna fomu yoyote. Fungueni akaunti ya chama yenye watia saini zaidi ya mmoja, na uweke kumbukumbu za kila mchango uliopitia kwako. Kukiwa na msiba, pesa za watu wengi zinaingia na kutoka kwa jina lako kwa siku chache, na mpelelezi asiyejua desturi zetu atahitaji kuelezwa. Maswali mengine muulize ofisa wa usalama wa kampuni. Hiyo ni kazi yake. Jambo moja usilichukulie kama tayari limeamuliwa: umesema ukinyimwa kibali utapoteza hata kazi uliyo nayo. Umeambiwa na nani? Kazi yako ya sasa, kwa maelezo yako, haihitaji kibali. Pata jibu la maandishi kama kiti chako kitakusubiri iwapo kibali kitachelewa au kukataliwa, maana uchunguzi unaweza kuchukua miezi mingi.

Ujue pia maisha ya baada ya kibali. Safari za nje zinaripotiwa kabla hujaondoka, hata ya kwenda kumwona baba. Kwa dharura kuna utaratibu wake, kwa hiyo msiba hautakukuta umefungwa miguu, ila hutapanda ndege kimya kimya tena.

Sasa riziki. Mumeo hasemi ovyo. Anafanya zamu za hospitali, anajua deni la nyumba, na anataka mlale mkiwa na uhakika. Lakini ile imani kwamba kombora lina usalama wa ajira na ndege ya mizigo haina, mimi nisingeichukua bila kuihoji. Mwenzako aliyepunguzwa akiwa na kibali mkononi amekwisha kukujibu. Viwanda hivi huishi kwa kandarasi, na kandarasi huishi kwa bajeti ya Bunge la Marekani. Serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti kwa siku 43 mwaka 2025, kuanzia tarehe 1 Oktoba, watumishi wa serikali walikuwa na sheria ya 2019 ya kulipwa malimbikizo yao; wafanyakazi wa wakandarasi hawana sheria kama hiyo. Kampuni kubwa zina akiba ya kandarasi zilizokwisha kutengewa pesa, ndogo huumia zaidi. Kwa hiyo nyongeza ya asilimia 18 ni pesa ya kweli, sitaki kuidharau, ila ihesabuni kama mshahara. Msiihesabu kama bima.

Umeshangaa kwamba wenzako huzungumzia pensheni na Ijumaa zao tu. Huko ndiko sauti za viwanda hivi zilikozoea kusikika. Pale Fort Worth, mwaka 2012, mafundi wapatao 3,600 wa kiwanda cha ndege za kivita cha Lockheed Martin waligoma kwa zaidi ya miezi miwili, na kiini cha ugomvi kilikuwa pensheni za waajiriwa wapya. Mwaka 2025 wafanyakazi wapatao 3,200 wa Boeing kule St. Louis, wanaounda ndege za kivita, waligoma kuanzia Agosti hadi Novemba kwa ajili ya malipo na mafao. Siwalaumu, mtu ana haki ya uzee wake. Ninachotaka ukione ni kwamba kunyamaza kwao kuhusu mambo mengine hakuthibitishi kwamba hawayawazi. Yule mzee wa majini amekupa jibu lililo tayari kabisa, vita huamuliwa Washington. Mtu hubeba jibu tayari kwa swali ambalo limewahi kumfikia. Mwulize siku moja mkiwa nje ya kiwanda.

Mahali pengine watu wamelisema wazi. Mwaka 2018 wafanyakazi zaidi ya 3,000 wa Google walitia saini barua ya kuitaka kampuni iache mradi wa kuisaidia Pentagon kuchambua picha za droni, na kampuni ikatangaza haitauhuisha mkataba. Walikuwa watu walioajiriwa kwa kazi nyingine, wakaikuta silaha mezani kwao. Wewe uliingia ukijua mwajiri wako ni nani, na hilo linafanya hali yako iwe tofauti. Halikunyimi haki ya kuuliza.

Na hapa nataka nikae na wewe kidogo, kwa sababu ndipo barua yako ilipoandikwa kwa mkono unaotetemeka.

Umemwambia rafiki yako kwamba ndege zako hubeba chakula cha msaada. Ni kweli hubeba. Hubeba pia askari, risasi, na wakati mwingine makombora yenyewe. Sikuambii hivi ili nikuongezee mzigo. Nakuuliza kwa upole: mstari uliouchora kati ya ndege na kombora, umeuchora kwa sababu unauamini, au kwa sababu ulikuwa unakusaidia kujibu watu? Inawezekana kabisa unauamini. Tuna mfano wa mtu aliyeuamini mstari wa namna hiyo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Aliitwa Eddie Thomas, Shahidi wa Yehova, alifanya kazi kwenye kiwanda cha chuma Indiana. Idara yake ilifungwa, akahamishiwa inakotengenezwa minara ya vifaru vya jeshi, ile sehemu ya juu inayobeba mzinga. Akasema hapana, akaacha kazi. Jimbo likamnyima malipo ya wasio na ajira. Katika kesi ile alikiri kwamba kutengeneza chuma ambacho baadaye kingeingia kwenye kifaru kusingemsumbua. Kuunda mnara wenyewe ndiko hakuweza. Tena mwenzake wa dini ileile pale kiwandani hakuona ubaya wowote katika kazi hiyo. Mwaka 1981 mahakama ilimpa Thomas haki yake, ikasema si kazi ya majaji kuamua kama mstari wake umechorwa mahali penye busara.

Nakipenda kisa hicho kwa sababu mbili zinazovutana. Kinakuruhusu kusema "hapa naweza, pale siwezi" hata kama mwenzako wa karibu haoni tofauti. Lakini kilimgharimu kazi, na ushindi wake ulikuwa wa malipo ya wasio na ajira, kazi hakurudishiwa. Na ulinzi wake ulisimama juu ya imani ya dini. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anayekataa kwa sababu tu moyo wake hautaki hana ngome kubwa ya kisheria huko. Ukitaka kukataa kwa sababu za imani, zungumza na wakili wa ajira kabla hujaandika chochote kwa bosi.

Rafiki yako ana sababu ya kuuliza. Marekani imekuwa ikishambulia kwa ndege ndani ya Somalia kwa miaka mingi, na mwaka 2019 kamandi yake ya Afrika ilikiri kwamba shambulio la Aprili 2018 liliua raia wawili, mwanamke na mtoto. Wanaolengwa, al-Shabaab, ndio walioua watu 148 kwenye Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, mji wake yeye rafiki yako. Kwa hiyo anaishi na maumivu ya pande zote mbili, kama wewe unayemfikiria binamu yako wa 1998. Naona umemfanya hakimu wako, wakati kwa jinsi ulivyosimulia alisema "haya," akageuza mahamri. Labda alikuwa anakuchunguza. Labda alitaka mtu wa kuzungumza naye kuhusu wajomba zake. Hujui, kwa sababu ulikimbilia ndege za mizigo. Ungemrudia sasa, kabla ya kibali, ukamwambia swali lake limekunyima usingizi, huenda mkafika mahali ambapo hamtaweza kufika ukishaingia kwenye lile jengo.

Maana huo ndio uzito wa nafasi hii ambao naona hujauweka mizani. Wewe ni mtu wa kuthibitisha. Unajua kila kipande kimetoka wapi. Kule ndani utajua zaidi kuhusu kipande na utaruhusiwa kusema machache kuliko sasa: kwa rafiki, kwa baba, kwa mwanao siku atakapouliza mama anafanya nini, kwa mumeo kitandani. Kuna watu wanaoishi hivyo vizuri, wanasema kazi ni kazini na nyumbani ni nyumbani. Wengine hubadilika wakawa wakimya hata kwa mambo yasiyo ya siri. Wewe ni mtu wa namna gani? Mumeo anakujua, mwulize hilo badala ya kumwuliza kama uchukue pesa.

Ukichukua, hakuna atakayekuwa na haki ya kukuita muuaji. Nchi hujilinda, na kombora lisilokaguliwa vizuri huanguka pasipotakiwa. Mtu makini mezani pale ana thamani yake. Ila hoja hiyo isikupe usingizi wa bandia: ukaguzi wako utahakikisha linafika lilipoelekezwa, hautachagua linaelekezwa wapi, na mengine huuzwa kwa nchi rafiki kupitia serikali. Ukikataa na kubaki kwenye ndege, huenda bosi akaelewa, huenda jina lako likasogezwa chini. Mwulize kwa lugha ya kazi, bila kueleza dhamiri yako kama hutaki: je, kuna nafasi nyingine ya kupanda nisipohamia huko? Ukitaka kuondoka kabisa, ujuzi wako haujafungwa na jeshi. Kiwango cha ubora cha AS9100 kinatumika kwenye ndege za abiria vilevile, na anayejua kukataa shehena yenye ufa anatafutwa hata huko. Huenda ukaanza na mshahara mdogo kidogo, na utakosa ile Ijumaa. Fanya hesabu hiyo mezani na mumeo, na dawa za baba zikiwemo.

Kuhusu usingizi: kumwona mshauri nasaha hakukunyimi kibali, miongozo yenyewe inasema hivyo. Kampuni nyingi kubwa hulipia vikao vichache vya siri. Usisubiri mwezi uishe.

Bosi anaweza kuombwa wiki moja zaidi. Watu huomba na hupewa. Kabla ya hapo, keti na mumeo siku ambayo hajatoka zamu ya usiku, na kabla hujamweleza hofu yako, mwache aeleze yake hadi amalize. Katika barua nzima umeniambia anachosema. Hujaniambia anachoogopa.